Injini mpya, moshi wa bluu
Jamani, hii pikipiki itanitoa roho. Juzi tu imefungwa pistoni na ringi mpya (vyuma vya duara vinavyoizunguka pistoni), leo kilomita kumi hazijaisha injini inachemka mpaka goti linababuka, na eksosi inafuka moshi wa bluu. Fundi: “Mpya hiyo, itazoea.” Izoee nini? Bluu ni oili inaungua. Asubuhi ikiwaka haifuki, inafuka nikivuta mafuta, basi nikaacha kushuku sili za valvu, zile raba za kuzuia oili, maana hizo zikiharibika hufuka asubuhi ikiwaka. Plagi nayo nyeupe pee katikati, yaani hewa imezidi petroli, ndiyo maana inachemka. Nikanyunyiza maji ya sabuni shingoni mwa kabureta, mlio ukabadilika: gasketi ya hapo, ile ya kuziba maungio, imechanika, inavuta hewa! Kufungua silinda, midomo ya ringi zote, pale zilipoachwa wazi, imepangwa mstari mmoja, oili inapenya humo. Kesho nafunga mwenyewe, kila mdomo upande wake.