Niliyoyaona nikipanga zamu: kuwaunga mkono wafanyakazi Wenyeji wa Asili, Winnipeg

Mimi ni mpanga zamu katika kampuni kubwa ya uchukuzi mjini Winnipeg, Kanada. Kazi yangu ni majedwali: nani yuko usiku, nani ameomba ruhusa, nani anaumwa. Humo ndimo nilimoona kwamba kila ikifika Septemba na Oktoba, wenzetu fulani "huumwa" siku mbili tatu, kisha hurudi wazima, tena wamechangamka. Wengi walikuwa Wacree na Waanishinaabe, mataifa mawili ya Wenyeji wa Asili. Ulikuwa msimu wa kuwinda, na hakuna aliyethubutu kumwambia msimamizi kwamba anakwenda porini na wajomba zake.

Kumbe haki hiyo wanayo. Tangu Septemba 2019, sheria ya kazi ya shirikisho inampa mfanyakazi Mwenyeji wa Asili aliyetimiza miezi mitatu kazini hadi siku 5 kwa mwaka, bila malipo, za kushiriki mila zake: kuwinda, kuvua, kuchuma vya porini. Kwetu ilikuwa haki ya kwenye karatasi tu, kwa sababu mfumo wa kuombea likizo haukuwa na kisanduku chake. Kwa hiyo mtu alichagua ugonjwa, au alikula likizo yake ya mwaka. Niliiandikia idara ya utumishi nikitaja sheria yenyewe. Wakajibu kwamba hakuna aliyewahi kuiomba. Nikawauliza angeiombea wapi. Kisanduku kikaongezwa.

Baada ya hapo kikundi cha wafanyakazi Wenyeji wa Asili kikanikaribisha. Wana vikao vya aina mbili: kimoja ni chao peke yao, cha pili kiko wazi kwetu sisi wengine tunaotaka kuwa upande wao. Baadhi ya wenzangu walinuna kwa kufungiwa kile cha kwanza. Mimi naona ni sawa kabisa. Mtu aliyetoka kuambiwa na msimamizi kwamba "hafanani" na Mwenyeji wa Asili hana haja ya kulisimulia mbele yangu, halafu anibembeleze mimi niliyeshtuka.

Sisi wa nje tulipewa kazi za chini: kutafuta chumba, kuandika kumbukumbu za kikao, kujaza fomu. Hasa fomu. Chukua suala la kufukiza. Mzee wa kimila akija kufungua kikao, mara nyingi huchoma majani makavu ya saji (mmea wenye harufu) au nyasi tamu, na watu hujipitishia ule moshi. Kwenye ghorofa lenye vihisi moshi hilo linataka msimamizi wa jengo, mtu wa usalama na barua pepe nyingi, na kila mara aliyeziandika alikuwa dada yule yule Mcree, akijibu maswali yale yale ya "hatari ya moto". Tukakaa na watu wa jengo, tukaandika utaratibu wa ukurasa mmoja: chumba kipi, nani anazima kihisi, nani anakiwasha tena, tangazo gani linabandikwa mlangoni kwa ajili ya wenye pumu. Tukaongeza kwamba mgeni akiwa Mwinuit, Mwenyeji wa Asili wa kaskazini ya mbali, huenda asifukize kabisa. Kwao huwashwa qulliq, taa ya mafuta, na hapo cha kuangaliwa ni mwali. Dada yule sasa hapokei barua hata moja ya jengo.

Malipo yalitusumbua zaidi. Idara ya fedha ilitaka Mzee asajiliwe kama mkandarasi, alete ankara, angoje mwezi. Bibi wa watu ameendesha gari kwenye theluji kuja kutuombea dua, halafu umpe fomu ya mkandarasi? Tulibishana nao muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sasa bahasha huandaliwa mapema na anaondoka nayo siku ile ile. Tumbaku ya zawadi nayo, pale desturi ya Mzee inapotaka hivyo, hutolewa wakati wa kumwomba aje. Ukimpa baada ya shughuli umeshachelewa.

Septemba 30 ni Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano, na tangu 2021 ni sikukuu kwa sisi tunaofanya kazi chini ya sheria za shirikisho. Hukumbukwa watoto wa Wenyeji wa Asili wapatao 150,000 waliopelekwa shule za bweni ili waachishwe lugha na mila zao, pamoja na wale ambao hawakurudi makwao. Watu huvaa fulana za rangi ya chungwa kwa sababu ya Phyllis Webstad, ambaye mwaka 1973, akiwa na miaka 6, alivuliwa shati lake jipya la rangi hiyo siku ya kwanza shuleni. Wiki hiyo kila idara ilikuwa ikimsaka mfanyakazi wake mmoja Mwenyeji wa Asili aje asimulie, na wengine ni mama zao waliosoma humo. Tukaweka kanuni: hakuna kumwomba mfanyakazi azungumze. Anayetaka atajitolea mwenyewe. Mafunzo ya wiki hiyo tunayaandaa sisi wengine.

Mimi nilipewa mada ya maji. Maji ya bomba ya Winnipeg hutoka ziwa la Shoal Lake kwa mfereji uliokamilika 1919. Jamii ya Wenyeji wa Asili ya Shoal Lake 40, iliyoko kwenye ziwa hilo hilo, ilitengwa na nchi kavu kwa ujenzi huo, na kuanzia 1997 hadi 2021 ilikuwa chini ya tahadhari ya kutokunywa maji bila kuyachemsha. Barabara yao ya kudumu ilifunguliwa 2019. Dereva mmoja mzaliwa wa hapa aliuliza ililipiwa na nani. Serikali tatu, nikamwambia: ya shirikisho, ya jimbo na ya jiji. Akataka kujua iwapo zote tatu zilikuwa na pesa, miaka mia yote zilikuwa zikingoja nini. Hilo sikumjibu, ila yeye bado anakuja vikaoni, na wengi wa Septemba huwa wamepotea kabla Oktoba haijaisha.

Kuna watu ofisini wanaotuweka kapu moja, mimi mhamiaji wa kutoka Tanga na Wenyeji wa Asili. Sheria ya usawa kazini inatutaja sote, lakini kwa makundi mawili tofauti, na ni haki yake. Mimi nilikuja kwa viza. Wao wana mikataba waliyofunga na dola, ule wa kwanza wa mwaka 1871, na mji huu uko ndani ya ardhi ya mkataba huo.

Lililonikaa karibu zaidi ni misiba. Orodha ya kampuni ya ndugu wa karibu haikuwa na shangazi, na mwenzetu alifiwa na shangazi aliyemlea. Kwetu Tanga mama mkubwa akifa, hakuna anayekuuliza kama ni ndugu wa karibu. Kikundi kiliandika pendekezo, mimi nikalipeleka, na orodha sasa inamtaja "aliyekulea au uliyemlea". Bado safari. Baadhi ya vijiji vya kaskazini havifikiki ila kwa ndege, au kwa barabara ya barafu wakati wa baridi. Hali ya hewa ikichafuka, mazishi husogezwa na siku za ruhusa humalizika mtu akiwa bado uwanja wa ndege. Tumeomba siku za safari zenye malipo na uongozi umetaka takwimu. Majedwali ninayo mimi, kwa hiyo nazihesabu zamu zilizoachwa wazi dakika ya mwisho na gharama ya kuzijaza. Kikao cha bajeti ni Novemba.