Nyumba iliyobaki sakafu tu
Leo nimepanda Gelligaer, milimani kusini mwa Wales, kuitafuta nyumba ya Zama za Kati. Kuta hakuna. Kuna sakafu iliyochongwa mlimani: walichimba upande wa juu, udongo wakaujaza upande wa chini mpaka pakawa sawa. Nyuma yake wakapinda tuta la kuchepusha maji ya mvua. Jamani, mvua imenikuta pale pale, na maji bado yanalifuata tuta! Mwanaakiolojia Aileen Fox alichimbua nyumba kama hizi hapa miaka ya 1930. Sasa ni kondoo na upepo tu. Nimekaa katikati ya sakafu ile mpaka vidole vikafa ganzi, nikimfikiria aliyewasha moto wa mwisho humo.