Fimbo za gofu hazilali kwenye buti jamani

Jumamosi moja saa moja na nusu asubuhi mzee mmoja mteja wangu kanipigia, hata shikamoo yangu hajaipokea vizuri, "we kijana kichwa kimeruka!" Nikajua ajali, moyo ukalipuka, kumbe draiva, ile fimbo ndefu ya gofu ya kupigia mbali. Alikuwa tii ya kwanza, pale mnapoanzia kupiga, wenzake watatu wamesimama kimya wanamwangalia, kavuta, kashusha kwa nguvu zote, mpira umebaki palepale juu ya kijiti chake umetulia zake na kichwa cha draiva ndo kimeondoka, kimekwenda kama mita 30 kwenye majani, yeye kabaki kashika shafti, yani mpini mtupu, kama mchunga mbuzi. Na hiyo draiva niliigundisha mimi mwenyewe mwaka juzi, kwa hiyo nilishajua anachotaka kusema.

Nikamuuliza swali moja tu, mzee wangu, fimbo huwa zinalala wapi? Kwenye buti. Toka lini? Akakaa kimya kidogo, "toka Krismasi."

Sa hapo ndo nataka niongee maana naona watu wengi hawajui. Kichwa cha fimbo hakijapigiliwa msumari, kinashikwa na gundi, epoksi ile ya kuchanganya mbili, basi. Hata hizi draiva za kisasa zenye skrubu shingoni usijidanganye, skrubu inashika adapta, kile kibomba kidogo cha kati, ila shafti yenyewe imegundishwa ndani ya hiyo adapta. Na epoksi adui yake ni joto, mafundi wote duniani wakitaka kutoa kichwa wanafanya kitu kimoja tu, wanapasha moto shingo mpaka gundi inalegea. Gari limefungwa, limepaki juani Dar kutwa nzima, mle ndani nyuzi 50 inafika na kupita bila shida, haitoshi kuitoa siku moja lakini kila siku inalegea inakaza inalegea inakaza, miezi sita hiyo, halafu Jumamosi unaenda kupiga kwa nguvu zako zote unategemea nini?

Na mimi moto umenifundisha kwa bei mbaya. Nilipotoka kwenye ukedi, kubebea wachezaji mabegi, nikaanza kutengeneza, nilikuwa nafanya ayani, zile fimbo za kichwa bapa cha chuma, za shafti ya chuma tu, unabana kwenye jiliwa, unapiga tochi ya gesi shingoni, unazungusha kichwa kinatoka, rahisi kabisa. Siku bosi mmoja kaniletea draiva ya grafaiti nikafanya vilevile. Grafaiti ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa na gundi, yani shafti yenyewe ni gundi! Nimepasha, nimezungusha, nikasikia kama mtu anavunja muwa mkavu, ncha imefumuka nyuzi nyeusi zimesimama kama ufagio. Nililipa ile shafti miezi minne. Grafaiti haizungushwi, unapasha shingo kidogokidogo, unavuta kwenda mbele moja kwa moja na kifaa cha kuvutia, ukiona haitoki unasubiri, hugombani nayo.

Basi ya mzee ilivyokuja nikaiangalia. Gundi ya zamani ilikuwa imebaki yote ndani ya shingo, imekuwa kahawia, ukiikwaruza na kucha inamung'unyika kama sukari guru. Nimesafisha ndani kwa brashi ya waya mpaka chuma kinang'aa, ncha ya shafti nimepitisha msasa taratibu, unaondoa ule mng'ao tu ukifika kwenye nyuzi umeharibu. Nikaipangusa kwa spiriti, nikachanganya epoksi nusu kwa nusu, nikapaka ncha na ndani ya shingo, nikaingiza huku nazungusha ili hewa itoke, nikaangalia maandishi ya shafti yamekaa sawa, nikaegemeza ukutani masaa 24. Mzee kapiga simu mara tatu siku hiyohiyo anauliza kama tayari. Nikamwambia mzee hata ugali unasubiriwa.

Halafu kulikuwa na kitu kinagonga ndani ya kichwa, ukitikisa unasikia kama kokoto kwenye kopo. Ni kipande cha gundi iliyokauka kimeangukia ndani. Dawa yake mtacheka, gundi ya panya, hii hii wanayotembeza vijana barabarani. Unafungua skrubu ya uzito iliyo kwenye kichwa, unadondosha kidogo, unatikisa mpaka kile kipande kinanasa. Kimya. Usizidishe tu maana gramu 2 kwenye kichwa ukishika fimbo unazisikia.

Gripu zake, yale mapira ya kushikia, nazo zilikuwa zimekuwa ngumu zinateleza kama sabuni, nikambadilishia zote 13 (sheria inakuruhusu fimbo 14, moja alishaipoteza). Unachana ya zamani na kisu ukielekeza nje sio kwako, unabandua tepu, unaweka tepu mpya ya kunata pande zote mbili, unamwaga spiriti ndani ya gripu na juu ya tepu, unasukuma mara moja bila kusimama. Ukisita katikati umekwama. Mwanzoni kabisa kwa kubana matumizi nilijaribu mafuta ya taa, yana mafuta hayakauki, gripu ilikaa siku tatu inazunguka mkononi kama kifuniko cha soda. Petroli inakauka sawa lakini jikoni kwako na mkaa unawaka hapana.

Kwa wenzetu tunaocheza karibu na bahari, na nyie wa Mombasa, ukimaliza raundi maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mswaki wa zamani kwenye mistari ya uso wa fimbo, pale panapogonga mpira, halafu FUTA, kausha kabisa kabla hujazifunika kwenye begi. Chumvi inaingia chini ya kromu taratibu na shafti ya chuma inaoza kuanzia ndani usipopaona. Na msikwaruze ile mistari na msumari eti iwe mikali, toka 2010 kuna sheria mpya za mistari na unaweza ukajikuta fimbo yako hairuhusiwi kwenye mashindano kwa mikono yako mwenyewe.

Mzee kaja kuchukua. Nikamwambia sasa begi linalala ndani ya nyumba. Akaguna. Mama kashakataa, sebuleni hapana, chumbani ndo kabisa, anasema likiingia lile begi yeye anatoka. Tukaangaliana pale. Mwisho kaliacha kwangu, limesimama pembeni ya gunia la mkaa, na kila Jumamosi alfajiri anapita kulichukua, wiki hii kaja saa kumi na moja na dakika ishirini mimi hata mlango sijafungua.