Smuthi ya mboga za porini: anza na konzi moja

Konzi moja ya majani mabichi, kama gramu 30, inatosha bilauri mbili. Ukizidisha, uchungu hufunika matunda yote. Mchicha pori unafaa ukichuma ncha changa tu; majani makubwa yana nyuzi ambazo blenda haizimalizi. Tako la hasani, mmea utambaao wenye majani manene, ni zuri zaidi kwangu: lina uchachu kidogo na ute unaoifanya smuthi kuwa nzito bila maziwa. Vunja shina kwanza. Likitoa utomvu mweupe, si lenyewe, tupa.

Mnavu na kisamvu ni vya kupika. Tafadhali usivisage vibichi kamwe. Kisamvu kibichi hutoa sianidi, ambayo ni sumu. Na mmea usioutambua kwa uhakika, uache ulipo. Usichume kando ya barabara kuu wala shamba lililopuliziwa dawa.

Osha kwa maji matatu, kisha saga majani na mililita 250 za maji baridi kwa dakika moja nzima, peke yake. Ndipo uongeze ndizi mbivu iliyogandishwa, kipande cha embe na ndimu nusu. Ukitia vyote pamoja, vipande vya majani hubaki na kukwama kooni.

Mchicha na tako la hasani vina oksaleti nyingi, kemikali inayochangia mawe ya figo. Mwenye historia ya mawe ya figo aviepuke vikiwa vibichi. Kuvichemsha na kumwaga maji hupunguza oksaleti. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aongee na daktari kwanza, kwa sababu vitamini K ya majani haya hupunguza nguvu yake.