Kilele cha 1001

Seli za ukingoni ndizo zilizotuumbua. Tulikuwa tumemaliza sahani sita, programu, kwa kusoma mwanga wa leza unaorudi kutoka kwenye seli, ikitenganisha seli shina na seli zilizokwisha kugeuka kuwa za aina nyingine bila kukosea karibu hata mara moja, na mimi nilishaanza kuchora grafu za ripoti. Zikaja zile za pembeni mwa koloni, yaani kundi la seli zilizokua pamoja, bapa, zimejitandaza kama nguo iliyoanikwa. Programu ikazisoma zote kuwa zimegeuka. Tukazikaza kwa formaldehaidi ya asilimia 4, tukazitoboa utando, tukazipaka kingamwili inayong'aa ya OCT4, protini inayotambulisha seli shina, na viini vyake vikawaka kimoja baada ya kingine. Zilikuwa seli shina.

Kuzipaka hivyo ni kuziua, na hilo ndilo tulilotaka kuliepuka. OCT4 imo ndani ya kiini, kwa hiyo kingamwili haiifikii mpaka utando utobolewe. PCR, kipimo cha kunakili vinasaba, nayo huanza kwa kuivunjavunja seli. Mtawanyiko wa mwanga aliouripoti mwanafizikia C. V. Raman mwaka 1928 unataka mwanga tu. Leza ya nanomita 785 inaipiga seli, na fotoni moja hivi katika milioni kumi inarudi na nishati iliyobadilika kulingana na muungano wa kikemia ilioukuta. Badiliko hilo hupimwa kwa namba za mawimbi katika sentimita moja, na kila muungano huonekana kwenye grafu kama kilele, ila maabara watu hutaja namba tupu: 788 ni uti wa fosfati wa DNA na RNA, 1003 ni pete ya fenilalanini, yaani protini. Seli shina ina kiini kikubwa na saitoplazimu kidogo. Gawanya 788 kwa 1003, upate uwiano wa juu; seli inapogeuka, uwiano unashuka.

Wa kwetu ulishuka vizuri mno, upande uleule tuliotarajia, na ndiyo maana hakuna aliyeushuku.

Mengine tulikuwa tumeyafanya kwa uangalifu. Kila asubuhi kipande cha silikoni kilipimwa kwanza, kilele chake kikae 520.5, kikihama hata kwa 1, kioo cha kutawanyia mwanga kilirekebishwa kabla ya kugusa seli. Lishe haikuwa na fenoli nyekundu, kwa sababu rangi hiyo hutoa mng'ao unaofunika vilele vidogo. Tuliongeza HEPES, kemikali ya kutuliza pH, milimola 25, maana nje ya inkubeta hakuna kaboni dioksidi ya asilimia 5, na lishe inayotegemea baikaboneti pekee hupanda pH huku unaitazama. Lenzi ya kuzamishwa iliingia juu ya sahani hadi kwenye lishe. Kila seli ilipata sekunde 20 mara tatu. Kurudia huko si kwa ajili ya kuongeza mwanga tu, bali ili miali ya kutoka angani, inayochoma kihisi na kuacha mstari mwembamba kama sindano, ijulikane kwa kuwa haijirudii mahali palepale.

Fundi wetu wa mikroskopu, mtu asiye na haraka na chochote, alisikiliza malalamiko yangu yote kuhusu zile seli bapa, kisha akauliza: "Kaka, sahani tupu uliipima?"

Sikuwa nimeipima. Sahani za kukuzia seli ni za polisterini, na polisterini ni maada ambayo wengine huitumia kusawazishia mashine zao kwa jinsi vilele vyake vilivyo vikali. Kikubwa kuliko vyote kiko 1001. Nayo ina pete ya benzini, sawa na fenilalanini, basi vilele vyao vikafanana karibu kila mahali: 621 kwa 621, 1031 kwa 1031, 1602 kwa 1606. Kioo chetu cha kutawanyia mwanga kilikuwa na mistari 300 kwa milimita. Kwa mistari hiyo, 1001 na 1003 vinakuwa nundu moja.

Tulitafuta mahali pasipo na seli, tukashusha lenzi mikromita moja moja. Juu kabisa palikuwa na maji matupu. Mikromita chache kabla ya kugusa chini, 1001 ikaanza kuinuka, ikifuatwa na 1602, na pembeni kidogo 1155, kilele kingine cha polisterini. Tukarudia juu ya katikati ya koloni: unene wa mikromita kama 15, plastiki haionekani. Kwenye seli bapa ya mikromita tatu, mwale ulipita hadi chini na kurudi na 1001 ya sahani, nasi tukaiandika protini. Plastiki ina kilele kingine 795, jirani wa 788, lakini ni kidogo mno kuusawazisha uwiano. Kwa hiyo mashine yetu ya kutambua aina za seli ilikuwa inapima unene. Seli zilizogeuka zilikuwa bapa, basi.

Nilijaribu njia ya mkato, nikatoa spektra, yaani grafu ya vilele, ya sahani kutoka kwenye kila kipimo. Usipoteze muda. Kiasi cha plastiki kinatofautiana seli kwa seli, na ukitoa kingi kidogo tu, palipokuwa na kilele panabaki shimo, nayo programu italisoma shimo hilo kama habari.

Dawa ilikuwa kubadilisha sakafu. Kioo cha kawaida kina mng'ao mpana chini ya 785. Kwatsi ni bora, lakini ina vilele vyake karibu na 465, na glaikojeni, akiba ya sukari ambayo seli shina za binadamu hujiwekea, inasomwa 480, 860 na 940. Sikutaka ugomvi mwingine wa majirani. Tukachukua visahani vya kalsiamu floraidi, vyenye kilele kimoja tu, 321. Vinapasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto, kwa hiyo havitolewi kwenye inkubeta ya nyuzi 37 na kuoshwa kwa maji baridi. Viwili vilitufundisha hilo. Seli hazishiki juu yake zenyewe. Tulivipaka vitronektini, protini ya kushikiza seli, mikrogramu 10 kwa mililita, saa moja, na lishe tukaibadilisha nusu nusu, tukiimimina ukutani mwa sahani, maana ukiimimina moja kwa moja koloni hubanduka kama karatasi.

Nikiwa hapo nikaona uchafu wa pili. Seli za kufundishia programu na za kuijaribia nilikuwa nimezichanganya kutoka sahani zilezile, kwa hiyo jaribio lilikuwa limeshaona majibu. Safari hii kundi zima la ukuzaji liliwekwa kando mpaka mwisho. Glaikojeni nayo hupanda na kushuka kufuatana na sukari iliyo kwenye lishe, hivyo kila sahani ilipimwa saa zilezile baada ya kulishwa.

Makosa yaliongezeka, na grafu za mwanzo nikazifuta. Seli za ukingoni, karibu zote, zilisomwa kuwa shina. Zilizobaki kutusumbua zilikuwa seli chache zilizogeuka lakini zikasomwa shina. Tulipozikuza kwenye picha, tulizikuta katikati ya kugawanyika, kromosomu zimebanana mahali palepale mwale ulipopita.