Tafakari ya Juma: Anayekoroga Lipu

Somo: Ezekieli 13:10–15. Soma pia Kumbukumbu la Torati 25:13–15.

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masika yakikaribia, Bagamoyo hukimbizana na lipu. Kuanzia Mapinga na Kerege hadi Kiromo, kila mwenye boma anataka kuta za nje zifunikwe kabla mvua haijaanza, na vijana wengi wa makanisa yetu hupata kibarua cha saidia fundi kwa mara ya kwanza. Anayeanza hapewi mwiko. Anapewa chepe na ndoo, anaambiwa, "Wewe koroga." Ndiye wa chini kabisa kwenye saiti, na kazi yake ikiisha haionekani: fundi ataisawazisha, rangi itaifunika, sifa zitakwenda kwa aliyeshika mwiko.

Ezekieli anawasema manabii waliowaambia watu "Amani", wala hapana amani. Mtu anajenga ukuta, nao wanakuja kuupaka chokaa isiyokorogwa vema. Siku ya kupaka ukuta unapendeza. Kisha inakuja mvua ya kufurika, mvua ya mawe na upepo wa dhoruba, ukuta unalala chini, na watu wanauliza: iko wapi ile chokaa mliyoupaka? Angalieni swali linaelekezwa kwa nani. Aliyejenga haulizwi, wanaulizwa waliopaka. Nabii anajua kwamba uzembe wa kukoroga hauonekani machoni, na kwamba mvua ndiyo inayokuja kuukagua.

Basi juma hili tukae kwenye udongo wenyewe, kama mafundi wanavyouita mchanganyiko wa lipu. Hatutageuza kila chepe kuwa mfano wa kiroho. Kukoroga vizuri ni utii unaotosha peke yake.

Tuanze na mchanga, maana hapo pwani inatushawishi. Bahari iko karibu, mchanga wake laini, haulipiwi lori. Usiuguse. Chumvi yake haitoki kwa kuanikwa juani. Ikiingia kwenye lipu huvuta unyevu, ukuta unabaki na mabaka yasiyokauka, unatoa unga mweupe, rangi inabanduka, na nondo iliyo karibu inashika kutu. Kwa sababu hiyo hiyo usikorogee maji ya kisima cha chumvi. Maji ya lipu yawe yale unayoweza kuyanywa. Mchanga unaofaa ni wa mto au wa shimo, uliochekechwa kwa wavu wa matundu ya milimita mbili au tatu, usio na tope. Kupima tope hakuhitaji maabara. Chukua chupa inayoonyesha ndani, tia mchanga hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo ya kusaidia tope kutua, tikisa kwa nguvu, iache saa tatu. Mchanga utakaa chini, tope litalala juu yake kwa rangi nyingine. Ikiwa mchanga ni sentimita 10 na tope juu yake limefika sentimita moja, mzigo huo uoshwe au urudishwe. Tope huzifunika chembe za mchanga, saruji ikakosa pa kushika. Wapo mafundi wanaoupenda mchanga wa namna hiyo kwa kuwa unateleza vizuri chini ya mwiko. Unateleza, ni kweli, na ukikauka unasinyaa na kupasuka mistari mistari.

Saruji ya daraja la nguvu la 32.5 inatosha kwa lipu, 42.5 iwekeeni zege la nguzo na mihimili. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na ulioingia kwanza utumike kwanza. Donge lisilosagika kwa vidole limeshashika. Kuchekecha mfuko wenye madonge ili kuokoa unga uliobaki ni kujidanganya, kwa sababu unga huo nao umepoteza nguvu.

Sasa kipimo. Torati inakataza kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Kwenye saiti, kipimo kikubwa na kidogo vinaweza kuwa chepe lile lile. Asubuhi mkono una nguvu na chepe linamwagika. Saa nane mchana, jua likiwa kichwani, linakuja nusu. Chepe thelathini za asubuhi si chepe thelathini za jioni, ila mdomo unahesabu thelathini zote mbili bila kusema uongo. Matokeo yake ni ukuta mmoja wenye lipu mbili: huku imepasuka, kule inapukutika.

Kwa hiyo pima kwa ndoo. Ndoo moja ya lita 20, hiyo hiyo kwa saruji na kwa mchanga, ijazwe na kukatwa juu kwa kipande cha ubao. Kwa kuta za ndani, ndoo moja ya saruji kwa tano za mchanga. Kwa kuta za nje zinazopigwa na mvua, moja kwa nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo moja na robo tatu, kwa hiyo mfuko mzima kwa kipimo cha moja kwa tano unakula ndoo karibu tisa za mchanga. Ukipigwa kwa unene wa milimita 15 unamaliza takriban mita 10 za mraba. Lakini kama unamhudumia fundi mmoja, usikoroge mfuko mzima kwa mkupuo. Sababu tutaifikia.

Wengi hudhani saruji ikizidi ndiyo uimara. Lipu yenye saruji nyingi husinyaa kupita kiasi na kuvunjika nyufa nyembamba zinazopitisha maji. Ikipungua, moja kwa nane na kuendelea, ukipitisha kidole unatoka mchanga.

Kuna jambo moja ambalo hata waliokaa saiti miaka mingi hulisahau. Mchanga wenye unyevu kidogo huumuka. Maji huzisukuma chembe zikaachana, na mchanga laini unaweza kuongezeka ujazo kwa robo na zaidi. Ndoo tano za mchanga uliolowa umande au manyunyu ni kama ndoo nne tu za mchanga mkavu, na mchanganyiko unakuwa mkali, yaani saruji inazidi, bila mtu kukusudia. Jaribu hivi: jaza ndoo mchanga ule wenye unyevu, upime kina chake, umwage pembeni, tia maji nusu ndoo, kisha urudishe mchanga ndani kidogo kidogo ukikoroga. Utashuka. Ukishuka kutoka sentimita 35 hadi 28, umeumuka kwa robo, na zile ndoo tano zako zinatakiwa ziwe sita na robo. Siku za kaskazi mchanga ukiwa mkavu kabisa, tano ni tano. Anayetaka kuwa na kipimo kimoja mbele za Mungu inambidi aupime mchanga upya kila hali ya hewa inapogeuka.

Na hapo kwenye kipimo ndipo kijana anapojaribiwa. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, anakuja mwisho wa mwezi, anaona ukuta laini, anashukuru. Fundi anasema, "Ongeza ndoo tatu, nani atajua?" Mfuko unaobaki unatoka jioni kwa mlango wa nyuma. Ni rahisi kumwambia kijana huyo kutoka madhabahuni akatae. Yeye analipwa kwa siku, na kesho anaweza asiitwe. Anachoweza kufanya ni kuhesabu kwa sauti, kwa adabu: "Fundi, hapa nimeshatia tano." Kazi ya aibu haipendi kuhesabiwa kwa sauti. Na akikosa kibarua kwa sababu hiyo, kanisa lililomfundisha kukataa lisimwache alale njaa.

Kukoroga kwenyewe kuanze pakavu. Tafuta sakafu ngumu, au bati, au mbao zilizopangwa. Ukikorogea ardhini, kila chepe la mwisho linachota udongo wa chini. Mwaga mchanga, saruji juu yake, kisha geuza rundo lote kutoka upande mmoja kwenda wa pili, mara tatu, bila tone la maji. Kila chepe limwagwe kileleni ili lishuke pande zote. Usiseme limechanganyika mpaka rangi iwe moja, bila mishipa ya kijivu wala mabaka ya mchanga mtupu. Kijana mwenye haraka anaruka hatua hii na kutegemea maji yatamchanganyia. Maji hayachanganyi; yanaviringisha saruji kuwa vidonge vyenye unga mkavu ndani, na vidonge hivyo utavikuta ukutani.

Baada ya hapo fungua shimo katikati, mimina maji kidogo, bomoa kingo kwa ndani taratibu. Ukimimina yote kwa pamoja, ukingo unapasuka na maji ya kijivu yanakimbia. Ule ukijivu unaokimbia ndio saruji yenyewe, na huwezi kuirudisha. Mfuko mzima kwa kawaida hutaka ndoo moja na nusu hadi karibu mbili, kutegemea unyevu ambao mchanga umekuja nao. Mwiko ndio unaoamua: chota udongo, uinamishe mwiko, uteleze wote kwa pamoja bila kuvuja maji wala kung'ang'ania. Ukiwa na maji mengi utashuka ukutani, na fundi atakuambia urushie saruji kavu ili ifyonze. Dawa hiyo huacha ngozi ngumu juu na ulaini chini, na ngozi hubabuka.

Wengine hutia sabuni ya unga ili udongo ulainike. Povu ni hewa, na hewa haina nguvu. Ukitaka ulaini halali, tia chokaa: ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa, sita za mchanga. Chokaa hushika maji yasikimbie upesi na hupunguza nyufa. Vaa glovu na buti, maana saruji mbichi na chokaa huunguza ngozi polepole bila kuuma mwanzoni. Ikiruka jichoni, osha kwa maji safi mengi muda mrefu, kisha nenda zahanati, usisugue.

Udongo ukishaloweshwa, saa inaanza kuhesabu. Utumike ndani ya saa moja, moja na nusu ikizidi sana. Ndiyo maana unakoroga kidogo kidogo. Lile rundo linalosubiri watu wamalize kula mchana limeanza kushika, na kulimwagia maji ili lilainike tena ni kuvunja kile ambacho saruji imekwisha kufunga. Linalainika, linapakika, linapendeza. Hiyo ndiyo chokaa ya Ezekieli hasa, na ni kosa linalofanyika zaidi kuliko mengine yote.

Ukuta nao uloweshwe kabla, kisha subiri mng'ao wa maji upotee. Tofali kavu hunyonya maji ya lipu kabla saruji haijayatumia, na baadaye ukigonga panalia tupu. Zege lenye uso laini lirushiwe kwanza saruji moja na mchanga mbili, nyepesi kama uji, likauke likiwa na vipele. Unene ukizidi milimita 20, piga mara mbili.

Kwa walio na kazi za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, neno moja. Zile kuta za mawe ya matumbawe, kama zilivyo kuta za magofu ya Kaole tangu karne ya 13, zilijengwa kwa chokaa, na chokaa huacha unyevu upite na kutoka. Ukizifunika kwa lipu kali ya saruji, unyevu unanaswa ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma hadi ianguke ikiwa na vipande vya jiwe. Walawi 14 haisemi nyumba yenye ugonjwa ipakwe juu kwa juu. Inasema mawe yenye ugonjwa yatolewe, nyumba ikwanguliwe kotekote, kisha ndipo upakwe udongo mwingine. Kwangua, acha ukuta ukauke, pakaa chokaa na mchanga. Mwenye nyumba atalalamika kwamba inachelewa kukauka, naye aelezwe.

Limebaki la Jumapili. Lipu inahitaji maji siku saba baada ya kupigwa, asubuhi na jioni, kuanzia siku inayofuata. Haikauki tu, inashika, na bila maji haishiki. Upepo wa kaskazi unaweza kuipausha kwa nusu siku, na lipu iliyopauka mapema hubaki dhaifu hata ukiimwagilia mwezi mzima. Sasa ile iliyopigwa Ijumaa na Jumamosi, Jumapili inamwagiliwa na nani? Mara nyingi hakuna mtu, na sababu inayotolewa ni ya kiroho. Bwana aliwauliza Mafarisayo ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hatamtoa mara moja. Kama zamu ni yako, pitia saiti kabla ya ibada ya kwanza. Anza juu, maji yashuke yenyewe, kwa manyunyu na si kwa mpira uliobanwa, usije ukaichimba lipu changa. Ibada ikiisha, rudia ukuta wa magharibi, maana ndio utakaochomwa na jua la alasiri.