Kalamu ya Kijani

Jengo letu la Furuset, mashariki ya Oslo, lilikuwa na chumba kimoja cha kufulia kwa ngazi nzima. Kilikuwa chini kabisa, jirani na stoo ambamo watu huweka skii na baiskeli zao, na mlangoni palitundikwa ubao wa zamu. Kila nyumba ilikuwa na kufuli lenye namba yake. Ukitaka kufua Jumanne jioni, unalibana kufuli lako kwenye tundu la Jumanne jioni, na muda huo ni wako. Ukiisha, umeisha. Nimeshuhudia watu wazima wenye wajukuu wakinuniana mwezi mzima kwa ajili ya robo saa.

Jumamosi asubuhi ilikuwa ya Chacha. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kufuli lake kutoka pale.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nimepanga chumba ghorofa ya 3 kwa familia ya Kikongo iliyotoka Uvira. Kiswahili chao na changu cha Tanga vilikuwa vikigongana hapa na pale, ila ugali ulikuwa mmoja. Chacha alikaa ghorofa ya 2, dereva wa teksi aliyestaafu, mtu wa Pakistan. Wiki yangu ya kwanza nilimkosea. Nilimweleza, kwa Kinorwei changu cha kuokoteza, kwamba hata kwetu Wahindi wamejaa, wana maduka. Akaweka kapu la nguo chini. "Mimi si Mhindi," akasema. Nami nimekulia mahali ambapo Mbohora, Mpunjabi na Mgoa wote ni Wahindi tu, tena hatuwaulizi.

Alinisamehe siku tulipogundua kwamba duka, chai, gari na kitabu tunavitaja karibu sawasawa. Neno alilolipenda zaidi ni hesabu. Kwao ni hisaab. Tangu hapo, kila tukipishana ngazini, ananiuliza "Hesabu?" nami namjibu "Sawa," kama watu wanaodaiana. Akaniambia nimwite Chacha, yaani baba mdogo.

Ghorofa ya 4 alikaa mama wa Kivietnam, mfupi, wa haraka haraka, mwenye kiduka cha kufupisha suruali na kubadili zipu. Yeye alitaka nimwite Cô. Aliponifafanulia kwamba maana yake ni shangazi, nilicheka peke yangu: nimefika ughaibuni nikapewa ukoo wa kuumeni, mmoja chini yangu na mwingine juu yangu.

Februari 2009 mhadhiri wetu alitugawia majedwali ya Idara ya Takwimu ya Norwei. Kila mtu achague jamii mbili za wahamiaji, azilinganishe, aandike kurasa 10 kwa Kiingereza. Nilichagua Wapakistani na Wavietnam kwa uvivu mtupu. Nilijiona nusu ya kazi nimeshaimaliza, kwa kuwa ninaishi katikati yao.

Kwenye majedwali yale mshindi alionekana mara moja. Wapakistani na watoto wao walikuwa kama elfu 30, wengi wao wako Oslo. Wavietnam walikuwa wakikaribia elfu 20, wametawanyika miji mingi. Wavietnam waliokuwa kazini walikuwa wengi zaidi, wanaume kwa wanawake. Kwa Wapakistani waliozaliwa ng'ambo, wanawake wenye ajira hawakufika nusu, na wanaume waliovuka miaka 50 wengi walikuwa wanaishi kwa pensheni ya ulemavu. Watoto wa Kivietnam waliozaliwa Norwei walikuwa wakiingia vyuo vikuu kuliko hata watoto wa wenyeji. Nikaandika kwamba sababu ni utamaduni. Mvietnam, nikasema, anathamini kazi na elimu. Mpakistani amefungwa na ukoo na ndoa. Sentensi hiyo niliipenda. Niliisoma kwa sauti mara mbili.

Palikuwa na mambo ambayo hayakuikubali sentensi yangu. Kwa kumiliki nyumba, kwa mfano, jamii zote mbili zilikuwa juu. Na mabinti wa Kipakistani waliozaliwa Norwei walikuwa wakisoma vizuri kuwashinda kaka zao, wengi wakikimbilia udaktari, ufamasia na sheria. Haya niliyaweka ukurasa wa 9, mahali ambapo msomaji huwa ameshachoka.

Jumatano usiku nilishuka kufua, karatasi mkononi, nizipitie wakati mashine inazunguka. Simu ikalia, mama kutoka Tanga. Kule chini mtandao haushiki, nikatoka nje kwenye theluji na kandambili. Niliporudi zimebaki dakika 5 za zamu yangu. Nikazoa nguo mbichi zote mikononi, nikakimbia. Karatasi zikabaki juu ya mashine.

Asubuhi hazikuwepo.

Mwezi wenyewe ulikuwa mbaya. Magazeti yalikuwa yameshupalia suala la polisi wa kike kuvaa hijabu: serikali iliruhusu, kisha ikarudi nyuma, na Siv Jensen, wakati ule kiongozi wa Chama cha Maendeleo, chama cha kupinga uhamiaji, akaibuka na neno lake la Uislamu unaoinyemelea nchi. Chacha alikuwa akinunua gazeti kila siku na kulikunja kabla hajalimaliza. Mtu wa namna hiyo, wiki ya namna hiyo, ndiye niliyemwachia kurasa zangu 10 juu ya mashine.

Ijumaa jioni alinigongea mlango. "Hesabu," akasema, safari hii bila kuuliza. "Shuka."

Chini nilimkuta Cô anakunja mashuka. Karatasi zangu zilikuwa palepale nilipoziacha, ila sasa zimeandikwa pembeni kwa kalamu ya kijani. Kiingereza cha Chacha kilikuwa cha teksi, kushoto, kulia, uwanja wa ndege. Aliyemsomea ni binti yake, mwanafunzi wa ufamasia. Alimtafsiria kwa Kipunjabi, na kila alipokwazika aliandika. Karibu na jedwali la ajira aliandika neno moja: *Lini?* Chini ya ile sentensi yangu hakuandika kitu. Alipiga mstari mpaka karatasi ikatoboka.

"Umenihesabu lini?" Chacha akaniuliza. Nikamwambia takwimu ni za juzijuzi tu, mpya kabisa. Nilidhani hiyo ni sifa.

Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuja 1971, akasema, ana miaka 20, kutoka kijiji cha karibu na Kharian, wilaya ya Gujrat, kule Punjab walikotoka wengi wa Wapakistani wa Norwei. Kitanda kimoja watu wawili: huyu akirudi zamu ya usiku, yule anaamka kwenda ya asubuhi, shuka halipoi. "Mwaka 1973 ungekuja kunihesabu ungenikuta na kazi mbili. Sisi sote tulikuwa kazini. Sote! Huyo Mnorwei mwenyewe hakutufikia." Alibeba vyuma miaka 14, kiwanda kikafungwa. Akashika teksi, usiku, miaka 20. Akageuka akanionyesha mgongo, kana kwamba vyuma bado vipo. "Halafu unakuja leo kunihesabu."

Mwaka mmoja baadaye niliusoma utafiti wa wachumi wa Oslo waliowafuatilia vibarua wa mwanzo kutoka Pakistan na nchi nyingine. Miaka ya mwanzo ya 1970 walikuwa kazini karibu wote. Kufika 2000 walibaki nusu, wakati Wanorwei waliolinganishwa nao, zaidi ya asilimia 80 walikuwa bado na kazi. Chacha alikuwa ameshanisomea utafiti wote ule kwenye kiti cha plastiki, bila jedwali.

Jambo jingine binti alikuwa ameliandika kwa herufi ndogo, limezunguka ukingo mzima wa karatasi. Tarehe 1 Februari 1975 Norwei ilifunga mlango kwa wafanyakazi wa kigeni. Baada ya hapo Mpakistani aliingia kwa njia ya familia, hasa ndoa. Kwa hiyo lile kundi langu la "wanawake wa Kipakistani" lina mama yake aliyefika 1978, lina na bibi harusi aliyeshuka uwanja wa ndege mwaka jana na hajajua kuuliza basi linakwenda wapi. *Umewapima pamoja,* aliandika, *ukashangaa wastani.*

Cô alikuwa kimya muda wote huo. Nilimgeukia nikitegemea faraja, maana yeye nilimsifu.

"Ungekuja 1985," akasema.

Alitoroka Vietnam kwa mashua miaka minne baada ya Saigon kuanguka mikononi mwa Wakomunisti mwaka 1975. Siku ya sita waliokotwa na meli ya mizigo. Wakati ule, waliookolewa baharini na meli ya Norwei ambao hawakupata nchi nyingine ya kuwachukua, Norwei iliwapokea. "Sikuichagua nchi hii," akasema. "Ilikuwa bendera ya meli." Walipelekwa kamji ka pwani huko kaskazini, wakakuta nyumba, jiko, makoti ya baridi, mwalimu wa lugha anawasubiri.

"Mimi nilipokewa na nani?" Chacha akadakia. "Na mvua."

Cô alicheka, kisha akaendelea akiwa hacheki tena. Pamoja na mwalimu na makoti, mumewe alikaa miaka 4 bila kazi, na yeye akasimama kiwanda cha samaki hadi vidole vikakataa kukunjika. Walipohamia Oslo, magazeti yalikuwa yakiandika juu ya vijana wa Kivietnam, visu na kamari. Watu walihama kiti kwenye treni. Jedwali la mwaka ule lingewaweka mkiani. "Sasa tumekuwa watoto wazuri," akasema, na neno hilo wazuri akalitamka kama mtu anayetema mbegu. Kisha akaniuliza: mwanangu wa pili yuko wapi humu? Mwanawe wa pili aliacha shule na alikuwa hatoki chumbani. Nilipekua karatasi kana kwamba nitampata.

"Sisi hatusemi," akasema. "Ndiyo maana mnadhani hatuna shida. Yeye anasema." Akamwonyesha Chacha kwa kidevu. Nikakumbushwa mkutano wa wakazi wa mwaka uliopita, uongozi ulipotaka kukigeuza chumba kile kuwa stoo ya baiskeli. Chacha alisimama na Kinorwei chake chenye makovu, akaongea hadi mwenyekiti akaomba yaishe. Cô na Wavietnam wengine wawili walikaa nyuma, hawakunyanyua hata mkono. "Kama si yeye tungekuwa tunafulia bafuni."

Hilo nalo halikuwemo kwenye kurasa zangu, ingawa lilikuwa mbele ya macho. Afshan Rafiq, binti wa wazazi wa Kipakistani, aliingia Bungeni 2001. Kwenye halmashauri ya jiji la Oslo majina ya Kipakistani yalishazoeleka, ya Kivietnam ya kutafuta kwa tochi. Wapakistani walikwenda kupiga kura kuliko Wavietnam. Mwaka 2012, nikiwa nimesharudi nyumbani, nilisikia Hadia Tajik ameteuliwa Waziri wa Utamaduni akiwa na miaka 29, na kitu cha kwanza nilichokiona akilini ni Chacha amesimama, anakataa kukaa.

Ningependa kuishia hapo, kila mtu amesema la maana, mashine zinanguruma. Lakini Cô alipokuwa anafunga mfuko wake wa nguo aliona soksi zimeanikwa kwenye bomba la joto, mahali pasiporuhusiwa. "Wasomali," akasema. Chacha akatikisa kichwa. Ni familia mpya ya ghorofa ya 1. Kwa mara ya kwanza jioni ile wawili wale wakapatana kabisa: hawa hawafanyi kazi, wanazaa sana, wanategemea msaada. "Ni utamaduni wao," Chacha akasema.

Sikusema kitu. Tanga nimekua na Wasomali, mwenye bucha la mtaani kwetu alikuwa Msomali, nimekula Idi nyumbani kwake. Mdomo ulifunguka, nikaangalia karatasi zangu zilizotoboka mkononi, nikaufunga.

Nilipopanda chumbani nilizipitia upya, ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa 7, pale nilipoandika kwamba familia nyingi bado huwatafutia watoto wachumba kutoka kijijini, mara nyingi binamu, nilitegemea kijani kitawake moto. Paliandikwa kwa mwandiko uliotulia: *Hii kweli. Sehemu hii sikumsomea baba.*

Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu. Yule binti nilikuwa nikimwona ngazini na mkoba wa vitabu, anasalimia kwa kichwa tu. Sikuwahi kumuuliza, wala baba yake sikumwambia. Karatasi ile ninayo hadi leo.

Niliandika upya siku mbili. Utamaduni nikauondoa, nikaweka miaka: nani alifika lini, kwa mlango gani, mwili wake ulikuwa na umri gani uchumi ulipobadilika. Hitimisho likanishinda, kila nililolianza lilinirudisha kwenye swali la kijani. Mhadhiri alinipa C na maelezo kwamba mwandishi anaonekana kusita.

Siku matokeo yalipotoka nilipishana na Chacha ngazini, kapu la nguo kiunoni.

"Hesabu?"

"C."

Alisimama, akalifikiria.

"Nyumbani kwangu," akasema, "hiyo ni kufeli." Akaendelea kushuka.